Sura ya 7: Nani Anamaliza Intaneti?

Swali hili huulizwa katika karibu kila ofisi, hosteli na nyumba yenye Wi-Fi, na mara nyingi huulizwa kwa hasira. Anayeuliza huwa tayari ana mshukiwa wake: yule kijana wa masoko anayetazama mpira akiwa kazini, wageni wa jana waliopewa nywila, au jirani wa ghorofa ya pili. Hukumu hutolewa kabla ya ushahidi. Nywila inabadilishwa, watu wananuniana, na mwisho wa mwezi meneja anampigia simu mtoa huduma aongezewe kasi. Hayapiti majuma mawili, malalamiko yanarudi.

Jibu la sura hii huenda lisimfurahishe aliyeuliza, kwa sababu mara nyingi mwizi hayupo. Kilichopo ni foleni iliyopangwa vibaya ndani ya ruta, kile kisanduku chenye taa zinazopepesa ambacho kinaunganisha vifaa vyote vya jengo na laini moja ya kutokea nje. Foleni hiyo inarekebishika, tena bila kugombana na mtu.

Hesabu ya laini

Kompyuta, simu na printa za jengo moja zikiunganishwa kwa kebo au Wi-Fi, huo ndio mtandao wa ndani. Humo ndani kwa kawaida nafasi ni tele: kebo za kisasa hupitisha megabiti 1000 kwa sekunde. Msongamano uko mlangoni, pale vifaa vyote vinapotaka kutoka kwa wakati mmoja kupitia laini iliyolipiwa.

Laini hiyo huuzwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Faili nazo hupimwa kwa megabaiti, zile MB ambazo kila mnunuzi wa bando anazijua. Baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo laini ya Mbps 20 hushusha MB 2.5 kwa sekunde, wala si 20, na ugomvi mwingi na watoa huduma huanzia kwenye hesabu hii tu.

Chukua mfano wa ofisi ya uhasibu yenye watu 12 na laini ya Mbps 20. Simu ya sauti kupitia intaneti haifiki hata Mbps 0.1. Video ya YouTube yenye picha safi ya 1080p huhitaji kama Mbps 5, na ile ya 480p huhitaji kama Mbps 1. Watazamaji wanne wa picha safi wanatosha kuijaza laini, hilo ni kweli. Lakini video ina adabu fulani: huvuta kipande, hupumzika, kisha huvuta kingine.

Mlaji mkubwa huwa hana uso. Jumatatu asubuhi kompyuta 12 zilizozimwa tangu Ijumaa zinawashwa kwa pamoja, na kila moja inagundua kwamba kuna masasisho ya Windows yanayoingoja. Tuseme ni GB 3 kwa kila kompyuta. Jumla ni GB 36, na kwa MB 2.5 kwa sekunde kazi hiyo inachukua saa 4 kamili, laini ikiwa haifanyi kitu kingine chochote. Mpaka saa saba mchana wahasibu wanamlaumu kijana wa masoko, kumbe kila mmoja wao ameketi mbele ya mshitakiwa halisi.

Kuona kabla ya kuhukumu

Mwaka 1994 Tobias Oetiker, mtaalamu kutoka Uswisi, alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha De Montfort huko Leicester, Uingereza. Mahali hapo palikuwa na laini moja ya nje ya kilobiti 64 kwa sekunde, ndogo zaidi ya mara 300 kuliko ya ofisi yetu ya mfano. Kila mtu alitaka kujua hali yake. Oetiker akaandika programu ndogo iliyoiuliza ruta kila baada ya dakika 5 imepitisha kiasi gani, kisha ikachora jibu kama grafu. Aliipa jina la MRTG, akaigawa bure, na michoro yake ya kijani na bluu ikaja kutundikwa kwenye skrini za vyumba vya seva duniani kote.

Afrika Mashariki nayo ilipitia dhiki kama hiyo. Kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje ilipitia setilaiti, kwa bei kali, na pakiti ilitumia zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Pakiti ni kipande kidogo cha data, kwa kawaida kisichozidi baiti 1500; kila kinachosafiri kwenye intaneti hukatwakatwa vipande hivyo kwanza. Fundi wa mtandao wa wakati ule alilazimika kuhesabu vipande hivyo, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na gharama inayoonekana. Kebo zilipokuja tabia ya kupima ikalegea.

Grafu ya aina ya MRTG hueleza kama laini imejaa, lakini haitaji nani ameijaza. Tena kasoro yake ni wastani: dakika 5 zinafunika sekunde 20 ambazo simu ya mkurugenzi ilikatikakatika. Kwa hilo fundi anahitaji kuona kila kifaa peke yake, papo kwa papo. Kwenye ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vimeenea kwa watoa huduma wadogo wa Kenya na Tanzania, kuna zana iitwayo Torch. Ukiiwasha hutoa orodha inayobadilika kila sekunde: anwani ya kifaa, anwani inayozungumza nayo, kinachopanda na kinachoshuka.

Tuseme fundi wa ile ofisi ya uhasibu ameiwasha saa nne asubuhi, malalamiko yakiwa yamepamba moto. Safu ya kushusha inaonyesha Mbps 6 tu. Laini haijajaa hata theluthi! Lakini jicho likihamia safu ya kupandisha, kuna kifaa kimoja kinachosukuma Mbps 4.8 nje, na laini hiyo ina Mbps 5 tu za kupandisha. Ni simu ya mfanyakazi aliyetoka harusini jana; inapeleka picha na video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, mwenyewe hana habari.

Kupandisha kunaziba vipi kushusha? Kompyuta mbili zinapopelekeana faili hufuata kanuni za mazungumzo zinazoitwa TCP, na kanuni hizo zinamtaka mpokeaji arudishe risiti kwa kila pakiti chache alizopokea. Risiti ni ndogo mno, ila nazo hupita kwenye njia ya kupandisha. Zikikwama nyuma ya video za harusi, mtumaji wa upande wa pili anangoja, na ukurasa wa benki unazunguka tu.

Kumtambua mwenye kifaa siku hizi si rahisi kama zamani. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani bandia zinapoingia kwenye Wi-Fi, na baadhi ya simu zikisahaulishwa mtandao huweza kurudi na sura mpya. Anayejenga ulinzi wake wote juu ya orodha ya anwani zilizopigwa marufuku atachoka mapema.

*Kwa ufupi: tazama jumla ili ujue kama laini imejaa, tazama kila kifaa ili ujue inajaa wapi, na usisahau upande wa kupandisha.*

Mita 400 za Berkeley

Oktoba 1986 intaneti ya Marekani ilipata kiharusi. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikituma kwa pupa, na pakiti zilipopotea zilituma tena kwa pupa ileile, hadi njia ikajaa marudio matupu. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alichunguza na mwaka 1988 akachapisha dawa: kila mtumaji aanze taratibu, aongeze kidogo kidogo, na pakiti ikipotea apunguze kasi yake. Upotevu wa pakiti ukawa ishara kwamba njia imejaa. Mpaka leo kompyuta nyingi hufuata msingi huo.

Dawa hiyo ilitegemea ustaarabu wa kila mtumaji. Mtaalamu mwingine, John Nagle, alikuwa ameshauliza swali gumu zaidi mwaka 1985: asiyekuwa mstaarabu je? Nagle alionyesha kwamba hata ruta ikipewa kumbukumbu isiyo na mwisho, mtandao utakwama vilevile, na mtumaji mroho ndiye atakayefaidi. Akapendekeza kila mtumaji apewe foleni yake mwenyewe, na ruta izihudumie foleni hizo kwa zamu, pakiti moja kutoka kila moja.

Fikiria bomba la maji la mtaa. Mtu mmoja amefika na madumu 30 kwenye mkokoteni, nyuma yake yupo mtoto mwenye kikombe. Kwa desturi ya aliyetangulia ndiye wa kwanza, mtoto atasubiri madumu yote yajae. Kwa utaratibu wa Nagle, dumu moja hujazwa, kisha kikombe, kisha dumu la pili. Mtoto ameondoka, na mwenye madumu hajapoteza hata dakika moja ya kuonea uchungu. Tofauti ya intaneti na bomba ni kwamba vikombe ndivyo vingi: maneno ya simu, kubofya, kuuliza anwani ya tovuti, risiti za TCP.

Foleni iliyonenepa

Robo karne baadaye, watengenezaji wa ruta walikuwa wameelekea kulekule Nagle alikotahadharisha. Kumbukumbu ilikuwa imeshuka bei, wakajaza nafasi kubwa za pakiti kusubiria, wakidhani kutopoteza pakiti ni ubora. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi Mmarekani mwenye sifa ndefu katika historia ya kompyuta, alikuwa akipeleka faili kubwa kutoka nyumbani kwake. Akaona pakiti zilizokuwa zikienda na kurudi kwa milisekunde chache sasa zinachukua zaidi ya sekunde nzima. Laini haikuwa na hitilafu yoyote. Foleni ndani ya vifaa ndiyo iliyokuwa ndefu kupita kiasi.

Hesabu yake inatisha kidogo. Foleni ya pakiti 1000, kiasi kilichokuwa cha kawaida kwenye mifumo ya Linux, kila pakiti ikiwa na baiti 1500, ni biti milioni 12. Kwenye njia ya kupandisha ya Mbps 2, foleni hiyo inachukua sekunde 6 kwisha. Anayepiga simu ya WhatsApp anasema "haloo" na sauti yake inapanga mstari kwa sekunde 6. Ishara ya Jacobson nayo imeharibika: pakiti haipotei mpaka foleni ijae, kwa hiyo mtumaji anaendelea kuongeza mwendo huku wengine wameshakwama.

Jacobson mwenyewe alirudi kwenye tatizo hilo. Mwaka 2012, akiwa na Kathleen Nichols, alitoa kanuni ya CoDel. Badala ya kuhesabu pakiti ngapi zimo kwenye foleni, CoDel hupima pakiti imekaa humo kwa muda gani, na kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa muda, huanza kudondosha chache ili kumwonya mtumaji. Eric Dumazet akaiunganisha na wazo la zamu za Nagle, ikazaliwa fq_codel. Dave Täht na wenzake wakaipigia debe kwa miaka, na mwaka 2018 ndugu ya fq_codel aitwaye CAKE akaingia rasmi kwenye kiini cha Linux. Zote ni bure. Zimo kwenye OpenWrt, mfumo huria unaowekwa kwenye ruta za bei ndogo, na kwenye toleo la 7 la mfumo wa MikroTik.

Kuna ujanja mmoja ambao bila huo zote hazisaidii. Foleni hujengeka pale njia inapokuwa nyembamba, na kwa kawaida ni kwenye modemu ya mtoa huduma ambayo mteja haigusi. Kwa hiyo ruta huwekewa kikomo kilicho chini kidogo ya kasi iliyonunuliwa: laini ya 20 inawekwa 18, ya kupandisha 5 inawekwa 4.5. Foleni inahamia kwenye ruta ya mteja, mikononi mwa kanuni yenye akili. Wengi hushtuka kusikia wanapoteza asilimia 10 ya kitu walicholipia. Wakiijaribu siku moja hawairudishi.

Haki ni kugawa sawa?

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kukata vipande: Mbps 20 kwa watu 12, kila mmoja kama 1.67, mambo yamekwisha. Ni njia mbovu. Saa mbili usiku amebaki mhasibu mmoja anayeshusha hesabu za mwaka, naye amefungiwa 1.67 huku nyingine zote zikilala bure.

Wataalamu wa mitandao hutumia kipimo kingine. Asiyehitaji sana hupewa anachohitaji chote. Kinachobaki wanagawana sawa wenye njaa. Watu wanne kwenye Mbps 20, mmoja anahitaji 2 na watatu wanataka kila kinachopatikana: wa kwanza anapata 2 zake, waliobaki 6 kila mmoja. Mmoja akiondoka, fungu lake linagawanywa papo hapo. Hakuna anayeweza kuongezewa bila kumpunguzia aliye sawa naye au aliye na kidogo zaidi.

Bado kuna mwanya. Kugawa kwa nani: kwa mtu au kwa muunganisho? Muunganisho ni mazungumzo mamoja kati ya programu na seva. Programu za kuharakisha upakuaji hufungua miunganisho 8, 16 au zaidi kwa faili moja, na ruta inayogawa kwa muunganisho inampa mwenye programu hiyo sehemu 16 wakati jirani yake ana moja. Wanafunzi wa hosteli waligundua hilo zamani sana. Dawa ni kugawa kwa kifaa: MikroTik ina foleni ya PCQ inayoweza kupangwa kwa anwani ya kila kifaa, na CAKE ina chaguo la kugawa kwa kifaa kwanza, ndipo kwa muunganisho. Fundi wa MikroTik akumbuke kuangalia kanuni ya FastTrack, ambayo huwa imewashwa kwenye mipangilio ya awali. Pakiti zinazopita huko huruka foleni nyingi, na foleni iliyopangwa vizuri inaweza kubaki pambo.

Wi-Fi nayo ina dhuluma yake. Hewani kinachogawanywa hasa ni muda. Simu iliyo chumba cha mwisho, nyuma ya kuta mbili, hushuka hadi kuzungumza kwa Mbps 6. Pakiti moja inaichukua milisekunde 2. Kompyuta iliyo karibu, kwa Mbps 300, ingetuma makumi ya pakiti kwa muda huo. Ruta ikiwapa zamu sawa za pakiti, mmoja aliye mbali anawavuta wote chini. Vifaa vipya vinaweza kugawa muda badala ya pakiti, lakini kuongeza kituo kingine cha Wi-Fi karibu na chumba hicho, kikiwa kimeunganishwa kwa kebo, ni tiba bora.

Ipo pia njia ya mkato inayopendwa hosteli: programu kama NetCut, ambazo huwadanganya wenzako kwamba kompyuta yako ndiyo ruta, kisha huwakatia njia. Hiyo si kugawa. Ni uvamizi, na swichi nzuri zinaweza kupangwa kuuzuia.

Mpaka wa kutazama

Anayeona ni kifaa gani kinatumia nini anakaribia sana kuona nani anafanya nini. Kwa kuwa mawasiliano mengi sasa yamefichwa kwa msimbo, msimamizi haoni ujumbe wala picha; lakini anaona saa, kiasi, na mara nyingi jina la tovuti. Jina la kliniki au la tovuti ya kutafuta kazi linatosha kumuumbua mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na kwa kiasi kinachohitajika tu. Watumiaji waambiwe kwamba mtandao unapimwa, nini kinapimwa na kinafutwa lini. Kwa kazi ya kugawa laini, kiasi kinatosha. Majina ya tovuti hayahitajiki.

Pa kuanzia

Kwa ofisi au hosteli inayotaka kuanza kesho, mpangilio ni huu:

1. Pima kasi halisi ya kushusha na kupandisha, mapema asubuhi kabla watu hawajafika.
2. Fungua dirisha la amri, tuma ping (pakiti ndogo ya kupima muda wa kwenda na kurudi) kwenda tovuti yoyote ya karibu na uandike milisekunde zake. Kisha anza kupandisha faili kubwa na uangalie namba hiyo inavyopanda.
3. Weka kikomo kwenye ruta, asilimia 90 ya ulichopima, ukiwasha CAKE au fq_codel. Rudia ping.
4. Pangia masasisho ya kompyuta muda wa usiku, na uziruhusu zipelekeane masasisho zenyewe kwa zenyewe ndani ya mtandao. Windows 10 na 11 zina chaguo hilo.
5. Acha grafu ifanye kazi kwa majuma mawili kabla ya kununua chochote.

Hatua ya pili ndiyo yenye uamuzi. Ping ikiwa 30 laini ikiwa tulivu na ikaruka hadi 900 faili inapopanda, usinunue kifurushi kikubwa: utapata foleni ileile kwenye laini ghali zaidi. Ikibaki karibu na 40 huku grafu ikionyesha laini imejaa tangu saa tatu hadi saa kumi kila siku ya kazi, basi watu 12 wameizidi Mbps 20 kweli, na meneja ana haki ya kumpigia simu mtoa huduma.